Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kukusanya na Kusambaza Data ya Mechi za Raga Nairobi

Maswali haya ni yale yale ambayo watu huuliza wanapomwona mtu amekaa kando ya uwanja na daftari, au wanapotaka kuanza wenyewe. Majibu yamelenga mechi za klabu za Nairobi, za wachezaji 15 na za wachezaji saba. Mwenye haraka asome sehemu ya kwanza na ya pili. Nyingine atazirudia akikwama.

## Mwanzo

Kuna haja gani ya kuandika upya mechi ambazo magazeti yanaziandika?

Magazeti huandika matokeo ya Kenya Cup, ligi kuu ya klabu, na, wikendi ikiwa tulivu, majina ya waliofunga. Yanayopotea ni mengine: trai ya pili (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ilifungwa na nani, kadi ya njano ilitoka dakika ya ngapi, benchi liliingia lini. Baada ya wiki mbili hata kocha hakumbuki. Ukishuka daraja la pili, la Championship, au kwenye Eric Shirley Shield ambako timu za akiba hucheza kabla ya mechi kubwa, mara nyingine hata matokeo yenyewe hubaki kwenye simu ya meneja na kuishia hapo.

Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, ilipoitandika Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, dunia nzima iliandika. Kijana anayefunga trai tatu saa saba mchana pale Railway Club, jukwaani wakiwa wazazi wawili na muuza njugu, hana wa kumwandikia. Mradi wa kujitolea una kazi hapo.

Lazima niwe nimewahi kucheza?

Hapana, ila sheria uzijue. Kaa karibu na wachezaji wastaafu; hawawezi kumwona refa akipuliza bila kueleza kwa sauti kwa nini amekosea.

Vifaa vinavyohitajika ni vipi?

Daftari lenye jalada gumu, penseli, saa ya kusimamisha na simu yenye chaji. Penseli ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mvua za Aprili hufanya kalamu ikatae karatasi, na skrini ya simu yenye matone hujibonyeza yenyewe. Nyumbani utahitaji jedwali lolote la kompyuta, kama Google Sheets au LibreOffice. Bando halitakuumiza: matokeo ya msimu mzima yakiwa maandishi matupu ni mepesi kuliko picha moja ya simu. Gharama halisi ni nauli na kiingilio.

Nianze na ligi nzima au timu moja?

Timu moja, tena mechi zake za nyumbani tu. Ligi ya timu 10 zinazokutana nyumbani na ugenini ina mechi 90, na nyingi huchezwa Jumamosi moja, kwa wakati mmoja. Uwanja wa RFUEA, nyumbani kwa Harlequin, na Impala Club vyote viko Ngong Road, lakini mpira ukianza saa ile ile huwezi kuwa kwa Harlequin na kwa Impala kwa pamoja. Timu moja nyumbani ni mechi tisa. Hizo unaweza kuzimaliza zote, na data isiyo na mapengo ndiyo mtu mwingine anaweza kuitumia.

Ukipata mwenzako wa Ruaraka anayefuata KCB na mwingine wa Jamhuri anayefuata Nondescripts, mradi umekua bila wewe kuongeza safari.

Naweza kutoa takwimu kama za televisheni: kukaba, mita za kukimbia, pasi?

Si mwanzoni, na nadhani si mwaka wa kwanza. Takwimu hizo hutolewa na watu wanaorudiarudia video yenye kamera kadhaa. Ukiwa peke yako kando ya uwanja huwezi kuamua kwa haki kama mchezaji alikaba au alisaidia kukaba, na mwenzako akikaa upande wa pili atapata hesabu tofauti na yako.

Kuna jaribio rahisi. Watu wawili waandike mechi moja bila kuonana, kisha walinganishe. Trai, kadi na mabadiliko ya wachezaji yatalingana karibu yote. Skramu na laini-auti, ukihesabu tu nani alirusha na nani aliupata mpira, zitakaribiana. Kukaba kutawagombanisha. Chochote ambacho nyinyi wawili hamkubaliani nacho kiacheni kwanza.

## Nini kiandikwe

Mambo ya lazima kwa kila mechi ni yapi?

Tarehe, saa ya kuanza, uwanja, shindano, raundi, timu ya nyumbani, timu ya ugenini, alama za muda wa mapumziko na za mwisho, jina la mwandishi, na chanzo. Kisha kila tukio la kufunga, kila kadi na kila mchezaji aliyeingia au kutoka, pamoja na dakika na namba ya jezi.

Chanzo ndicho watu hukiruka. Andika wazi kama uliona mwenyewe, ulitazama video, uliambiwa na meneja au ulitoa gazetini. Mechi iliyoonwa na ile iliyosimuliwa zina uzito tofauti, na anayetumia data ana haki ya kujua ipi ni ipi.

Si alama za mwisho zinatosha?

Hazitoshi. Chukua timu iliyopata alama 15. Huenda ilifunga trai tatu bila konvasheni (mkwaju wa golini unaofuata trai) hata moja, au penalti tano, au trai yenye konvasheni, trai nyingine tupu na penalti moja. Hizo ni mechi tatu tofauti kabisa: ya kwanza mpiga mikwaju aliamka vibaya, ya pili timu haikuvuka mstari hata mara moja.

Isitoshe, jedwali la ligi lenyewe linategemea hesabu ya trai. Katika mfumo unaotumika sana duniani, ushindi ni pointi 4 na sare 2, kisha kuna pointi ya ziada kwa trai nne au zaidi, na nyingine kwa aliyeshindwa kwa tofauti isiyozidi alama 7. Ukiwa na alama za mwisho pekee huwezi kujenga msimamo wa ligi upya. Soma kanuni za shindano lako kabla ya kuandika fomyula, kwa kuwa waandaaji hubadilisha.

Nitajuaje kwamba nimekosea hesabu?

Acha jedwali likukague. Trai 5, konvasheni 2, penalti 3, dropu (mkwaju wa golini wakati mchezo unaendelea) 3, trai ya penalti (refa huitoa faulo ikizuia trai) 7. Jumla ya matukio yako lazima iwe sawa na alama za mwisho. Isipokuwa sawa, weka rangi nyekundu na usilale nayo. Konvasheni haziwezi kuzidi trai. Alama 1, 2 na 4 haziwezekani kabisa kwa timu moja, kwa hiyo ukiziona kuna kidole kilichoteleza.

Kwenye raga ya saba ukaguzi ni mkali zaidi, maana penalti hazipigwi golini mara nyingi. Alama 30 kwa trai na konvasheni tu hupatikana kwa njia moja: trai sita, konvasheni sifuri. Ukiwa umeandika trai tano na 30, mahali fulani umesahau kitu.

Dakika naandika vipi, na uwanja hauna saa ya kuonekana?

Tumia saa yako, isimamishe refa anaposimamisha yake, na useme kwenye maelezo kwamba dakika ni za mkono. Sekunde 0 hadi 59 ni dakika ya 1. Trai ya muda wa nyongeza kipindi cha kwanza iandikwe 40+2, kamwe si 42, kwa sababu 42 ni mwanzo wa kipindi cha pili na kompyuta itaiweka baada ya mapumziko. Kosa hili moja limeharibu majedwali mengi mazuri.

Nisipoona aliyefunga?

Andika "haijulikani". Mol, yaani kundi la wachezaji waliosimama wakimshika mwenye mpira, ikisukumwa hadi juu ya mstari na watu wanane kulala juu ya mpira, hata refa anajua tu kwamba mpira umegusa chini. Subiri filimbi ya mwisho umuulize meneja wa timu, ambaye kwa kawaida ana karatasi yake. Akikwambia, jaza jina na ubadilishe chanzo cha tukio hilo. Matope yakifunika namba ya jezi, andika unachokisia na alama ya kuuliza, kama "6?", usije ukasahau kwamba ulikuwa na shaka.

Trai ya penalti haina mfungaji. Usimpe nahodha.

## Majedwali na majina

Nipange jedwali moja kubwa au mengi?

Matatu ya kuanzia: mechi, matukio, timu. La wachezaji litakuja baadaye. Kila mechi ipewe namba yake ya kipekee, na kila tukio libebe namba hiyo. Mstari wa tukio unaweza kuonekana hivi, kwa mfano wa kubuni (namba ya mechi, dakika, timu, tukio, jezi, chanzo):

KC-R07-03, 40+2, nyumbani, trai, 11, video

Usiandike habari mbili kwenye kisanduku kimoja. Ukijaza "trai na konvasheni" hutaweza tena kuhesabu konvasheni zilizokosa, na zilizokosa nazo ni data.

Kwa nini alama zangu zinageuka kuwa tarehe?

Kwa sababu umeandika 12-7 kwenye kisanduku kimoja na programu imeamua unamaanisha tarehe 12 Julai, au Desemba 7 kama kompyuta imepangwa Kimarekani. Tenganisha alama za nyumbani na za ugenini katika safuwima mbili na ugonjwa huo umeisha. Tarehe zenyewe ziandikwe mwaka kwanza, mfano 2025-03-08, zitajipanga zenyewe na hakuna atakayebishana kama 03 ni siku au mwezi.

Saa nayo ina mtego wake. Mmoja akiandika "saa 10" akimaanisha jioni, mwingine ataisoma asubuhi. Kubalianeni na 16:00.

Timu moja ina majina matano. Nitumie lipi?

Toa kitambulisho kifupi kisichobadilika, kisha majina yote yawekwe kwenye jedwali la timu pamoja na misimu yalipotumika. Wadhamini huja na kuondoka. Impala iliwahi kuitwa Resolution Impala Saracens. Mwamba imecheza kama Stanbic Mwamba, na mashabiki wake huiita Kulabu. Nondescripts ni Nondies, Harlequin ni Quins.

Mtego mkubwa ni Menengai. Menengai Oilers ni klabu ya Nakuru. Homeboyz ni ya Nairobi, ila kuna wakati ilivaa jina la Menengai Cream Homeboyz. Mtu akiandika "Menengai" peke yake kwenye daftari, miezi sita baadaye hakuna atakayeweza kuapa alimaanisha nani.

Na wachezaji wenye majina yanayofanana?

Ndugu wawili kwenye klabu moja ni jambo la kawaida katika raga yetu, na herufi ya kwanza ya jina haitoshi kuwatenganisha. Wape vitambulisho kama timu. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye karatasi ya kikosi cha siku hiyo, hata kama unajua yamekosewa. Sahihisho liende kwenye jedwali la wachezaji. Kumbuka pia kwamba namba ya jezi ni ya siku ile tu. Nambari 10 wa leo anaweza kuwa 15 wiki ijayo.

## Vyanzo vingine

Naweza kuandika mechi kutoka video?

Ndiyo, na kwa mabadiliko ya wachezaji video ni bora kuliko macho, kwani unaweza kurudisha nyuma. Tatizo ni kamera moja iliyokaa katikati ya uwanja: pembe ya mbali huonekana ukungu. Taja kwamba ulitumia video, na kama ilikatika, taja dakika zilizokosekana.

Mechi za miaka ya nyuma nitazipata wapi?

Magazeti ya zamani. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ina mkusanyiko wa magazeti ya tangu enzi za ukoloni; uliza kwanza kama sehemu unayoitaka imefunguliwa kwa wasomaji. Klabu kongwe nazo zina albamu, vikombe vilivyochongwa majina na wazee wenye kumbukumbu. Nondescripts ilianzishwa 1923, kwa hiyo kuna mengi ya kuchimba.

Angalia alama za enzi hizo. Trai ilikuwa na thamani ya 3 hadi 1971, ikawa 4, kisha 5 tangu 1992. Trai ya penalti imekuwa 7 bila mkwaju tangu 2017. Kabla ya hapo konvasheni ilipigwa. Fomyula ya ukaguzi tuliyoieleza kwenye swali la kukosea hesabu lazima isome mwaka wa mechi, la sivyo itazikataa mechi sahihi za miaka ya themanini.

## Kusambaza, haki na faragha

Nitaiweka wapi na kwa leseni gani?

Faili za CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwenye GitHub au hata folda ya wazi ya Google Drive zinatosha. Weka maelezo ya ukurasa mmoja: kila safuwima ina maana gani, dakika zilipimwaje, mechi zipi hazipo. Watu huona uvivu kuandika maelezo hayo, kisha hushangaa kwa nini hakuna anayetumia kazi yao.

Kwa leseni, CC BY 4.0 inamruhusu yeyote kutumia mradi akutaje. CC0 haidai chochote. Napendelea ya kwanza, kwa kuwa kutajwa huleta wasomaji, na wasomaji ndio huleta masahihisho.

Je, ni halali kuchukua matokeo kutoka gazetini?

Kwamba timu fulani ilishinda 24-19 ni ukweli, na ukweli hauna mwenyewe. Maneno ya mwandishi, picha na kipande cha video vina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inavilinda. Kunakili jedwali zima ambalo mtu amelipanga kwa mkono wake ni jambo jingine tena, mwombe. Wengi hukubali, na baadhi watakupa faili bora kuliko lile uliloliona.

Majina ya wachezaji ni data binafsi?

Ni data binafsi, ingawa mchezaji wa Kenya Cup amejitokeza hadharani na jina lake limo kwenye karatasi ya kikosi. Shika yale ya uwanjani: jina, timu, namba, tukio. Usiongeze namba ya simu, mtaa anakokaa wala mwaka wa kuzaliwa uliouokota Facebook.

Majeraha yana ukali wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Andika kwamba mchezaji alitoka dakika ya 31. "Alipoteza fahamu" si lako kutangaza.

Na mechi za shule?

Wachezaji wa Prescott Cup au michezo ya shule wengi hawajafika miaka 18, na sheria hiyo hiyo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto. Njia nyepesi ni kuweka matokeo na matukio bila majina, kwa namba za jezi tu. Shule ikitaka majina, iandae ridhaa yenyewe.

## Visa vigumu

Timu haikufika. Naandikaje ushindi wa mezani?

Mechi ipo, matukio hayapo. Weka safuwima ya hali yenye maneno machache yaliyokubaliwa: imechezwa, mezani, imevunjika, imeahirishwa. Alama zilizotolewa na waandaaji ziingie kwenye msimamo wa ligi, zisiingie kwenye wastani wa alama za kufunga, maana hakuna aliyezifunga. Msimu wa 2019/20 uliokatizwa na Korona una mechi zisizo na tarehe ya kuchezwa, ziache hivyo.

Mechi imevunjika dakika ya 60 kwa sababu ya radi?

Andika hadi 60 na hali iwe "imevunjika". Ikirudiwa tangu mwanzo, hiyo ni mechi mpya yenye namba mpya, na kwenye maelezo utaje namba ya ile ya kwanza.

Mashindano ya saba yana mechi nyingi kwa siku. Nitawezaje?

Peke yako huwezi. Christie Sevens au Kabeberi Sevens huendesha mechi moja baada ya nyingine, vipindi vya dakika saba, na kadi ya njano ni dakika mbili tu badala ya 10. Ukiinamisha kichwa kuandika, trai nyingine imeingia. Watu wawili, mmoja akitazama na kusema, mwingine akiandika, wakibadilishana kila baada ya mechi chache. Kwenye data ongeza safuwima ya hatua: makundi, robo fainali na kuendelea, maana timu mbili zinaweza kukutana mara mbili tarehe ile ile.

Mtu ananitumia ujumbe akitaka alama moja kwa moja kabla sijaziweka wazi. Nimpe?

Muulize kwa nini. Jiji hili lina watu wengi wenye mikeka ya kubashiri, na anayetaka kujua sekunde kumi kabla ya wengine mara nyingi ana sababu yake. Kanuni salama ni kwamba kila mtu anapata data wakati mmoja, mahali pamoja, na hakuna malipo ya kutangulia. Na kama una undugu au kazi na timu, usimwambie mtu yeyote kikosi kabla hakijatangazwa.

Klabu inataka nifute kadi nyekundu kwa sababu kamati ya nidhamu imeiondoa.

Usifute. Refa aliitoa dakika ile na timu ikacheza na watu pungufu. Alama zilizofuata hazieleweki bila kadi hiyo. Ongeza safuwima ya "uamuzi wa baadaye" na uandike kwamba iliondolewa, pamoja na tarehe ya uamuzi. Meneja akikupa barua ya kamati, taja tarehe yake kama chanzo. Asipokupa, mwambie kwa upole kwamba sehemu hiyo itabaki tupu hadi barua ipatikane.